Chungu Kinacholala

Chuoni, Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo.

Kuna sauti moja haijanitoka tangu Alhamisi. Ni ile ya mfuniko wa Chungu ukibanduliwa asubuhi: fwaa, kama mtu aliyelala vizuri akishusha pumzi kabla hajafumbua macho. Niliisikia mara nyingi nilipokuwa mwanafunzi wako, nikiwa nimejibanza nyuma ya wenzangu, lakini safari hii, nikiwa nimekushikia somo wakati unatibiwa macho, mkono uliobandua mfuniko ulikuwa wangu. Mvuke ukapanda. Wanafunzi wakapiga makofi kama kawaida yao, kwa sababu Chungu kilikuwa kimelala usiku mzima ndani ya mablanketi na magunia, bila kuni wala gesi, na bado kilikuwa na joto. Wao waliona muujiza. Mimi nilichomoa kipimajoto mfukoni nikakitumbukiza katikati ya maharage.

Kilisoma joto la mtoto mwenye homa.

Utaratibu unaujua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyeubuni, lakini acha niuandike nione kama nimekosea mahali. Jumatano jioni tunachemsha maharage, pamoja na yaliyobaki jikoni mwa chuo, ndani ya lile sufuria kubwa ambalo kila mtu analiita Chungu. Tunalifunga na kulilaza. Asubuhi tunatia mboga ambazo wauzaji sokoni wamekosa wateja wa kuzinunua, tunapasha kidogo tu ili mboga zisipoteze rangi, na mchana chuo kizima kinakula. Wewe ulikuwa ukila kwanza mbele ya darasa. Unasubiri kidogo, halafu unawaambia, "Mnaniona mzima. Haya, sahani."

Nilifuata yote isipokuwa moja. Sikupasha kidogo. Nilichemsha mpaka Chungu kizima kikatokota, nikakiacha kiendelee kutokota. Mboga zikawa uji. Kiongozi wa darasa, yule binti wanayemwita Spika, aliinua kijiko akauliza kama hii ni ya kula au ya kujipaka. Mpishi mkuu naye akasema ukipata habari utaomba bandeji ya jicho isitolewe. Tangu siku hiyo wananiita Kipimajoto. Nimelikubali jina. Yapo mabaya zaidi.

Lililonifanya nikuandikie lilitokea kesho yake. Niliingia darasani Ijumaa asubuhi nikakuta viti vyote vimejaa, na wanafunzi wanatazamana kama watu waliosubiri mvua ikakataa. Spika akauliza, "Kwani leo hakuna Ijumaa ya Mbio?" Darasa zima likacheka. Niliwauliza maana yake, wakanieleza bila haya: kila Ijumaa nusu ya darasa hushinda kwenye foleni ya choo. Walioko mwaka wa tatu walilikuta jina hilo chuoni. Wakati wangu sikulisikia, lakini mimi sikuwa mtu wa vijiwe, na Alhamisi nilikuwa naona haya kula mbele za watu, nachukua tunda naenda zangu.

Je, wewe ulikuwa unalijua jina hilo?

Nauliza kwa sababu ya kijitabu chako cha Chungu. Kiko kwa mchapaji, na siku ya kuzindua jiko jipya lenye jina lako kitapelekwa kwenye shule zote za msingi za hapa, ili nazo zilaze vyungu vyao. Ukurasa wa tisa unasema: "Laza chungu usiku kucha; asubuhi kitakuamkia na joto lake." Ni sentensi nzuri kuliko zote kitabuni, na ndiyo inayoninyima raha. Joto lile silo la kupikia tena, ni la kufugia vijidudu. Naomba ruhusa yako tuandike kwamba kilazwe asubuhi na kiliwe mchana. Akiba ya kuni itabaki ile ile. Mkuu wa chuo anasema maneno ya mwandishi hubadilishwa na mwandishi mwenyewe.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa ulitufundisha la kazi huandikwa, la umbea hupigiwa simu. Bahasha naituma kwa basi.

Ugua pole. Nisalimie mkamwana wako anayekusomea.

Mwanafunzi wako,
Kipimajoto

*

Nyumbani kwa mwanangu, Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mkono unaouona hapa si wangu, ni wa mkwe wangu. Mimi nimekaa na bandeji kama haramia, nasema, yeye anaandika huku mguu wake ukiwa juu ya cherehani. Jicho la kwanza limepasuliwa salama. La pili wanasubiri hili litulie. Daktari amenikataza kuinama, kubeba, kukasirika na kulia. Nikamwambia basi anizike kabisa tujue moja.

Barua yako imenifurahisha mpaka nimeisikiliza mara mbili. Kumbe wamepiga makofi. Nilijua watapiga. Siku ya kwanza nilipokilaza Chungu, wenzangu ofisini walisema nimechanganyikiwa, mwalimu mzima wa afya anafunika sufuria blanketi kama mzazi. Asubuhi nilipobandua mfuniko na mvuke ukatoka, hakuna aliyecheka. Watu wanadhani lishe endelevu ni maneno ya mikutano. Mimi nimewaonyesha ni blanketi.

Nimefurahi pia kusikia kwamba mpishi mkuu amepunguza chumvi. Nimegombana naye juu ya chumvi tangu ana nywele. Umempa dawa gani?

Nakuusia mambo machache. Kula wewe kwanza, wakuone. Mwanafunzi hali nadharia, anakula imani. Usiwaache wakate mboga nene, na usiwe mkali sana. Nakujua, ukishika jambo unalishika kwa meno. Ulipokuwa mwaka wa kwanza ulikuwa unanawa mikono mpaka nikaogopa ngozi itakwisha.

Mimi huku nimepata afya ya ajabu, ukiacha macho. Lile tumbo langu lililokuwa likinilaza kila Ijumaa, mpaka nikaomba nisipangiwe vipindi siku hiyo, limetulia lenyewe tangu nifike. Mkwe wangu anasema ni hewa. Mimi nasema ni kupumzika na wanafunzi.

Wanangu wanakula? Hilo ndilo nataka uniandikie kila mara. Wapo wasiokuwa na mlo mwingine wa maana wiki nzima, na hawatakuambia.

Mama Chungu

*

Chuoni, Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimefurahi jicho limetulia. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya vifurushi vya basi, nikaisoma tena nikitembea, nikampita mtu anayenisalimia. Hukunijibu nililouliza. Nikasema labda nililizungusha mno. Leo sizungushi.

Jana asubuhi niliitwa kwenye kikao cha maandalizi ya sherehe, nikawaachia wanafunzi Chungu. Wakakipasha kwa utaratibu wako, mboga zikabaki kijani kama zimetoka shambani, wakala kwa raha, wakaniwekea sahani ya kunitania. Leo Ijumaa nimeingia darasani nikakuta nusu ya viti vitupu. Spika alikuwapo, amejikunja kwenye kiti cha karibu na mlango. Alisema, "Mwalimu, leo ndiyo yenyewe."

Nilikuwa nimepanga kufundisha uchunguzi wa mlipuko wa maradhi ya chakula, kwa ule mfano wa kitabuni wa abiria wa meli. Nikafunga kitabu. Nikawaambia wawatafute wenzao wote, mabwenini na huko foleni, wamuulize kila mmoja alikula nini jana na leo yukoje. Walicheka mwanzoni. Walipoanza kuandika majibu ubaoni kicheko kikapungua, kikaisha. Karibu wote waliokula maharage wanaumwa. Waliochelewa wakaambulia matunda ni wazima. Wawili wa waliokula maharage hawaumwi, na mmoja asiyeyala anaumwa kwa sababu zake. Hakuna mfano wa kitabuni ulionyooka namna hii. Kijana mmoja aliyezoea kulala darasani alisema taratibu kwamba tumekuwa tukisoma milipuko ya watu wengine miaka mitatu, na wa kwetu tumeupa jina la utani.

Hapo ndipo nilipolazimika kueleza, na nilieleza nikiwa na sauti yako kichwani, maana ni wewe uliyenifundisha. Kuna vijidudu vinavyojivika gamba. Moto wa Jumatano unaua vingine, hivi vinavumilia. Chungu kikianza kupoa polepole ndani ya blanketi, vinavua gamba na kuzaana usiku mzima kwenye lile joto la homa. Asubuhi ukivichemsha sawasawa vinakufa. Ukivipasha kidogo kwa kuhurumia rangi ya mboga, unavipa kifungua kinywa. Na tumbo haliumi mara tu mtu amekula. Linangoja mpaka usiku au asubuhi ya pili. Kwa hiyo kula kwako kwanza, Mwalimu, kulionyesha upendo, lakini hakukupima kitu. Nawe umeandika mwenyewe: tumbo lililokuwa likikulaza Ijumaa limetulia tangu uache kula Chungu.

Mtu mzima anaharisha siku moja, anacheka, Jumamosi amepona. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekuja shule na njaa hana maji ya kupoteza. Kijitabu kinawaendea hao.

Nakuomba mstari mmoja tu: "Badilisha ukurasa wa tisa." Nitaubeba kwa mkuu wa chuo siku hiyo hiyo. Nilikupigia simu mara kadhaa, nikisema hili si umbea lakini haliwezi kungoja. Mkamwana wako anapokea, anasema umelala. Unalala sana.

Nami najiuliza, acha niseme, kama natafuta ukweli au natafuta kukushinda. Nimejichunguza na sijapata jibu safi. Lakini viti vilikuwa vitupu.

Kipimajoto

*

Nyumbani kwa mwanangu, Jumatano, 20 Machi

Mwanangu,

Nimeambiwa unafundisha vizuri na kwamba wanafunzi wako sasa wanatafutana mabwenini kwa ajili ya somo. Ndivyo ninavyotaka. Darasa lisilotoka nje ya ukuta ni chumba cha kusubiria.

Bandeji imetolewa jicho moja. Naona mwanga, naona mkono wangu, namwona mkwe wangu kama picha iliyolowa. Herufi bado. Nilishika bahasha yako nikaigeuza huku na huku, nikaona wino umekaa kama siafu. Nikamwambia mkwe wangu, barua hii ndefu mbona umenisomea fupi? Akasema mwandiko wako mkubwa. Tangu lini? Ulikuwa unaandika kama unaficha.

Sasa kuhusu kijitabu. Mkuu wa chuo amenipigia simu kunieleza kwamba mchapaji anataka kuondoa zile shukrani zangu za mwisho, kwa wanafunzi wa kwanza waliobeba magunia pamoja nami, eti nafasi haitoshi. Nimemwambia, na wewe nakuambia ili usimamie: mtu asibadili hata nukta. Kile ndicho kitu nitakachoacha. Sikuzaa wengi, mwanangu. Nimezaa mwana mmoja na kijitabu kimoja, na mwana yuko safarini kila siku.

Kwenye sherehe nitakuja, daktari apende asipende. Nataka nisikie mfuniko ukibanduliwa mbele ya walimu wakuu wote wa shule. Nataka watoto wa shule ya jirani ndio wawe wa kwanza kuinua sahani. Wewe utasimama kulia kwangu na utakula pamoja nami, na safari hii husemi unaona haya.

Mbona barua zako hazina utani tena? Nasomewa habari njema tupu, kama tangazo la serikali. Niandikie kama mtu.

Mama Chungu

*

Chuoni, Jumamosi, 23 Machi

Mwalimu,

Mtu asibadili hata nukta. Nimekuelewa.

Nimekuuliza mara mbili kwa maandishi. Mara zote mbili umenijibu mambo mengine, na mengine ya kuzua. Sikuandika popote kwamba mpishi amepunguza chumvi. Chumvi iko pale pale. Umeitunga ili upate cha kusema badala ya kusema. Sasa unaniambia wanafunzi wanatafutana mabwenini kwa ajili ya somo, kana kwamba hukusoma walikuwa wakitafutana kwa ajili gani. Unayajua yote. Ulikuwa unaijua Ijumaa yako, ukaondoa vipindi vyako ratibani, ukatuachia sisi tulio wadogo foleni.

Uliniambia siku ya kwanza nilipokuja ofisini kwako nikiona haya kwamba mtu wa afya ya jamii hana haki ya kuona haya, kwa sababu haya yake yanalipwa na tumbo la mwingine. Niliyaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari langu. Leo nimeyasoma nikahisi nimedanganywa na mtu ambaye sikuwahi kumfikiria mwongo.

Vijitabu vimetoka kwa mchapaji. Viko stoo ya idara, vimefungwa kamba, vinanukia wino. Napita pale kila nikienda darasani. Siwezi kukaa kitako. Mwenzangu wa ofisini ameniuliza kama nina mchwa kwenye kiti.

Sitakula Chungu mbele ya watoto wale. Wala sitasimama kulia kwako.

Mhadhiri msaidizi wa usafi wa chakula

*

Jumatano, 27 Machi

Mdogo wangu,

Hunijui. Mimi ndiye ninayemsomea Mama barua zako na kumwandikia zake. Leo naandika kwa niaba yangu, naye yuko barazani anahesabu vidole vyake kwa jicho moja, ananiuliza naandika nini, nimemwambia natuma vipimo vya nguo.

Hajazuia jambo lolote. Hajui. Sijamsomea.

Barua yako ya kwanza nilianza kuisoma kwa sauti, nikamsomea makofi na mvuke, akafurahi uso wote ukafunguka. Nikaona kwa jicho mistari inayofuata. Asubuhi ile ile daktari alikuwa amesema presha ikipanda jicho linaweza kuvuja na kupotea, na la pili hawataligusa. Mume wangu yuko safarini, niko naye peke yangu. Nikaruka. Na mtu akiruka mahali lazima atue mahali, nikatua kwenye chumvi. Alikuwa amenisimulia huyo mpishi na chumvi yake, nikaona ni jambo dogo la kumchekesha. Barua ya pili ikawa mbaya zaidi, nikaruka zaidi. Simu zako nilipokea mimi. Mara moja alikuwa kweli amelala.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo ikimbana mteja naachia mshono kidogo pale pale alipo, aondoke anapumua. Ndivyo nilivyodhani nafanya. Barua yako ya mwisho nimeifungua jikoni, nikaisoma peke yangu. Umemwita mwongo mtu aliyeniuliza jana kama nadhani umechoka, na kama tukutumie kitambaa nikushonee gauni la sherehe kwa sababu una nguo za kusikitisha.

Tumbo la Ijumaa alidhani ni uzee. Nakuapia. Alikuwa akilisimulia hapa kama mzaha.

Sasa nakuomba, kama mtu na dada yake. Jicho la pili linapasuliwa wiki mbili baada ya sherehe. Acha sherehe ipite. Acha asimame pale asikie jina lake. Baada ya hapo nitamsomea mwenyewe kila neno, hata lile la uongo, nami nitabeba lawama zangu. Kijitabu kinaweza kuchapwa upya. Jicho halichapwi.

Kama huwezi kunihurumia mimi, mhurumie yeye. Kila asubuhi anauliza, "Wanangu wamekula?" Namwambia wamekula.

Mke wa mwanawe

*

Chuoni, Jumamosi, 30 Machi

Dada,

Barua yako imenifika jana jioni, na imenikuta nimeshachelewa kuitii. Nikuambie kwa utaratibu, kwa sababu kichwa changu hakitulii na nikianza na hisia sitafika.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa chuo na ule ubao wa wanafunzi nikiwa nimeunakili. Aliusoma wote. Si mtu mbaya. Alisema anaamini kila mstari, na kwamba wageni wameshaalikwa, na kwamba Mama Chungu ndiye mwandishi na amesema mtu asiguse nukta, na kwamba baada ya sherehe tutaangalia namna. Nilimuuliza shule zitaanza lini kulaza vyungu. Akasema vijitabu vinapelekwa Ijumaa, ili walimu wakuu waje kwenye sherehe wakiwa wameshajaribu. Nikamwambia basi watoto watakuwa wameshakula. Akasema, "Binti, wewe unaona vijidudu tu. Watu huwaoni?" Neno hilo limenifuata mpaka leo. Nimelibeba nikaligeuza, maana liko karibu sana na ninavyojijua.

Lakini nilipotoka nje niliwaona watu. Shule ya jirani ilikuwa imetoka mapumziko, watoto wamejipanga kwenye bomba la maji, na walimu wao wameshaambiwa Chungu kinakuja. Mmoja alinionyesha kijiko alichokuja nacho kutoka nyumbani, amekifunga na uzi shingoni kisipotee. Chakula hakijafika, kijiko kiko tayari.

Chungu cha Alhamisi hatukukilaza usiku. Tulikilaza asubuhi, tukakifungua mchana. Kilikuwa na joto la kuunguza ulimi. Wanafunzi walipiga makofi yale yale, na Ijumaa darasa lilijaa. Kwa hiyo mwambie Mama kwamba Chungu chake hakijafa. Kilikuwa kinalala saa mbaya, basi.

Alhamisi hiyo hiyo baada ya kula niliwaambia wanafunzi ninachotaka kufanya, nikawaambia asiyetaka aondoke na hatapoteza alama. Waliondoka wachache. Waliobaki tulifungua zile kamba stoo, tukakaa sakafuni na mikasi na gundi. Spika aligawa kazi kama kamanda. Tulikata ukurasa wa tisa katika kila kijitabu na kubandika mwingine. Kijana yule wa kulala darasani akasema leo ndiyo ameelewa lishe endelevu, tunamaliza gundi ya serikali bila kutupa hata tone. Tulicheka. Lakini kila mkasi ulipopita niliisikia ile sentensi yake nzuri ikikatika. Iliniuma kuliko kitu chochote nilichofanya mwaka huu.

Kwenye ukurasa mpya nimeandika kilazwe asubuhi, kiliwe mchana, na kikibaki kisilazwe tena: kimwagwe kwenye sinia pana kipoe upesi, na kesho kichemshwe mpaka kitokote. Chini yake nimeandika sababu, kwamba sisi wenyewe, walimu na wanafunzi wa afya, tuliugua kwa chakula chetu kwa miaka na tukakifanya kicheko. Nimetia sahihi yangu peke yangu. Shukrani zake kwa wanafunzi wa kwanza hazikuguswa, ziko mahali pake.

Mkuu wa chuo amejua. Ameniita kwake Jumatatu ijayo. Anaweza kuniondoa kwenye somo, na sherehe inaweza kufutwa. Sijui.

Kuhusu barua yangu ya tarehe ishirini na tatu, nilimtukana mtu ambaye hakuwa akinisikia, nikaona rahisi kumwita mwongo kuliko kuuliza kwa nini mtu mkweli ananyamaza. Hilo ni langu, si lako. Isome kwake au ichome, nakuachia.

Jicho nimelifikiria, Dada. Sikulipuuza. Nilifikiria jicho moja ninalolipenda na matumbo ya watoto ambao siwajui majina, na sikupata mzani wa kuvipima. Mwulize daktari ni siku gani Mama anaweza kuambiwa, na uwe karibu naye siku hiyo. Lakini lisitoke kinywani mwako kwa vipande. Karatasi ya pili iliyomo humu nimeiandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, maneno machache kila mstari. Mpe mkononi. Ataisoma mwenyewe kwa jicho lililopona.

Mdogo wako,
Kipimajoto

*

(Karatasi ya pili)

Mwalimu wangu,

Shikamoo.

Chungu kikilala usiku kucha kinaumiza watu.

Ndicho kilichokuwa kikikulaza Ijumaa.

Nilikuandikia. Hukusomewa.

Usimlaumu mkweo. Alikuwa analinda jicho lako.

Wanao wamekula Alhamisi, na Ijumaa walikuja wote darasani.

Sikungoja ruhusa yako. Ukurasa wa tisa nimeukata katika kila kijitabu. Nimebandika mwingine, wenye jina langu.

Vimeondoka jana kwenda shuleni.